Maziwa Yasiyo na Mtoto

Nilisikia sauti ya mwanamume ikiimba wimbo wa misa jikoni kwetu, nami nikiwa bado nimefumba macho. Nikaruka kitandani nikidhani baba amerudi. Alikuwa kazini mgodini, upande wa Kolwezi, miezi kumi na moja sasa, nasi tukimngoja nyumbani, mtaa wa Bel-Air. Lakini aliyeinama mbele ya mbabula, jiko letu la makaa, akikoroga uji, alikuwa mama.

Msimu ule wa mvua mama alibadilika polepole, kama ukuta unaonyonya maji. Sauti ilizama. Vidole vilinenepa hadi pete ya ndoa ikambana, na sabuni iliposhindwa, fundi wa kuchomelea vyuma akaikata kwa msumeno. Miguu ikakataa viatu vyake vyote, akawa anakwenda sokoni kuuza samaki wakavu wa kwao Pweto akiwa amevaa viatu vya baba. Wateja wakamtania: “Mama, bwana anatembea miguu mutupu kule?” Naye akajibu: “Hapana, eko na gari!” Kichwa kilimuuma kila siku. Kisha, tukifua pamoja, nikaona blauzi yake imelowa kifuani. Maziwa, na mdogo wangu wa mwisho alikuwa ametimiza miaka sita. Mama akajifunika kifua kwa mkono. “Usiseme,” akaninong'oneza.

Waswahili husema lisemwalo lipo. Tantine Odile, dada wa baba, aliona madoa ya maziwa kwenye kamba ya nguo, akampigia baba simu. Jumapili iliyofuata ukoo ukakaa sebuleni, baba, aliyerudi kwa ajili hiyo, katikati, mama pembeni kama mgeni. Ilikuwa ni kuamua kama atabaki mke wa nyumba ile. Tantine akaniita.

“Weye ulishapata komunyo. Sema kweli mbele ya Mungu. Uliona maziwa ao hapana?”

“Niliona. Lakini na viatu vya mama…”

“Nani anakuuliza viatu?”

Watu wakacheka. Nilikuwa na miaka tisa. Ukweli wangu ulikatwa katikati, na ile nusu waliyoichukua ikatosha.

“Basi ile mimba ilienda wapi?” Tantine akamgeukia mama.

“Sina mimba. Mimi naumwa kichwa.”

“Tangu lini kichwa inatoa maziwa?”

Baba alikitazama kidole kisicho na pete. Unene wake hakuuona. Wiki ile ile mama akarudishwa Pweto.

Mwaka jana, mimi nikiwa mtu mzima, macho yake yalipoanza kufifia, nilimleta kwangu, mtaa wa Hewa Bora, nikampeleka hospitali. Daktari alituonyesha picha: uvimbe kama njugu, chini ya ubongo, ukimwaga homoni mbili kwa pamoja, moja ya kukuza mwili, nyingine ya kuleta maziwa. Ulikuwa kichwani miaka yote. Dawa zimekausha maziwa, lakini mifupa iliyokwisha kukua hairudi nyuma, wala miaka.

Nilimweleza baba. Mwezi uliopita akaja, mzee sasa, akaketi akiitazama mikono ya mama, akalia.

“Hatukujua,” alisema. “Turudi nyumbani.”

“Hamukuuliza,” mama akajibu.

Baba akainuka. Kwetu mgeni husindikizwa hadi barabarani. Mama alimfikisha kizingitini tu, akaufunga mlango.