Mpishi Aliyefungua Dirisha la Bwalo

Onesmus alikuwa amepika katika chuo cha ufundi nje kidogo ya mji wa Machakos kwa miaka kumi na tisa, na muda huo wote hakuna aliyewahi kumuuliza maoni yake isipokuwa kuhusu chumvi. Kufikia mwaka wa 2001 alikuwa mtu aliyechoka. Magoti yalimuuma akisimama mbele ya masufuria, na tangu amzike mwanawe Henry kule Kathiani mwaka uliotangulia, usingizi ulikuwa umemhama. Waliokuja matangani waliambiwa ni kifua. Aliyewaambia ni yeye mwenyewe.

Mwaka huo muuguzi wa chuo, Sista Kanini, alipewa kazi ya kuandaa mikutano ya kuwaelimisha wanafunzi kuhusu ukimwi. Wa kwanza uliitishwa ukumbini Jumatano alasiri. Chuo kilikuwa na wanafunzi mia nne. Walikuja tisa, na wawili kati yao walikuwa wanakimbia mvua. Mkutano wa pili uliahidi soda. Wakaja wengi, wakapokea soda zao, wakatokea mlango wa nyuma chupa mkononi. Ndipo mkuu wa chuo akatoa amri: mkutano wa tatu ufanyike bwaloni saa ya chakula cha mchana, na dirisha la kupakulia lisifunguliwe mpaka mgeni amalize kusema.

Onesmus hakubisha. Alimwambia Sista Kanini tu kwamba mwenye njaa hasikii. Sista akajibu kwamba hilo analijua, ila njia nyingine zimemwishia.

Mgeni alikuwa Wayua, mkulima mjane kutoka Masii, aliyeishi na virusi na kukubali kulisema hadharani wakati ambapo wachache walithubutu. Bwalo lilijaa pomoni. Harufu ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kuchanganywa na maharagwe, ilipenya kwenye nyufa za dirisha, na macho yote yalikuwa huko. Kijiko kimoja kikagonga sahani, kikafuata kingine, mwisho bwalo zima likawa linagonga. Wayua aliinua sauti. Alikuwa anaeleza jinsi shemeji zake walivyomtengea kikombe chake peke yake. Akanyamaza katikati ya maneno, akakunja leso yake, akangoja.

Onesmus aliyaona hayo kupitia ufa. Kilichomchoma ni kile kikombe. Nyumbani kwake pia kilikuwako, cha bati la buluu, na aliyekitenga hakuwa shemeji wala jirani. Akavuta komeo, akasukuma dirisha.

"Pangeni laini," akasema. "Mtapakuliwa, mkae chini, mama aseme mkiwa mnakula. Na yeye apewe sahani."

Sista Kanini aliinuka kama anayetaka kumzuia, kisha akaketi tena.

Wayua hakurudi mbele. Alichukua sahani, akajibanza benchini kati ya wasichana wa darasa la ushonaji, akaendelea na habari yake kwa sauti ya mtu anayeongea na majirani. Meza ile ikatulia. Meza ya pili ikasogeza benchi. Wengi walikula wakaenda zao, hilo halifichiki. Lakini watu kama thelathini walibaki hata sahani zilipokauka, na Farhia, binti wa mfanyabiashara wa mifugo mjini, akauliza lililowakaa wengi moyoni: mtu akitaka kupimwa, aende wapi ambako hatajulikana? Sista Kanini akalijibu polepole, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekohoa wala kucheka.

Baadaye Wayua alirudisha sahani dirishani, akashukuru kwa chakula. Onesmus aliishika ile sahani bila kuitia majini.

"Niko na kijana nilizika mwaka jana," akasema. "Tulisema ni kifua. Na kikombe chake, ni mimi nilitenga."

"Alijua ni wewe?"

"Alijua."

Wayua hakumlaumu, wala hakumwambia kwamba ni mambo ya kawaida. Aliweka mkono wake juu ya ukingo wa dirisha.

"Siku moja uwaambie hawa, baba," akasema. "Mimi ni mgeni, nitaenda. Wewe wanakujua."

Wiki iliyofuata Onesmus alipewa barua ya onyo kwa kukaidi amri, akaitia sahihi. Hata hivyo Sista Kanini alishikilia kwamba mikutano iendelee vile vile, dirisha likiwa wazi. Siku nyingine walibaki arobaini, siku nyingine kumi na wawili.

Ulikuwa muhula wa tatu Onesmus alipotoka jikoni, aproni ikiwa bado kiunoni, akasimama kando ya meza ya karibu na kuyasema, ya Henry na ya kikombe. Maneno yake yalikuwa machache na sauti haikufika nyuma. Baadhi yao hawakuinua macho kutoka kwenye sahani. Alipomaliza, msichana mmoja alimsogezea nafasi kwenye benchi. Akaketi kidogo, akapumzisha magoti, kisha akarudi jikoni, kwa sababu maharagwe ya jioni yalikuwa hayajachambuliwa.