Kobu wa Saa Sita Mchana

Wiki iliyopita nilikuwa kibandani kwangu pale sokoni Warwick Junction, namsuka mteja, jasho linanitiririka mgongoni kwa lile joto la Durban la Januari, simu ikalia. Ilikuwa video aliyonitumia mdogo wangu. Yeye alihamishiwa Kanada na shirika la wakimbizi, na huko, rafiki yangu, ziwa linaganda mpaka watu wanaegesha magari juu yake. Nikamwona amekaa juu ya ndoo, amejifunika makoti sijui mangapi, mbele yake tundu la duara lililotobolewa kwenye barafu. Jua limewaka. Akavuta mshipi, akavuta tena, akamtoa samaki mwenye rangi ya dhahabu iliyofifia na macho meupe kama vioo.

"Dada, ona, mchana kweupe!" alikuwa anapiga kelele. "Huyu hapendi mwanga, watu wengi wanamngoja jioni. Lakini theluji ikifunika barafu chini kunakuwa giza, anakula hata saa hizi. Mama angeona hii, eish!"

Mteja akauliza mbona mikono imesimama. Nikamwambia nywele zimejifunga. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaondoka pale. Nilikuwa na miaka tisa, nimesimama juu ya mawe kando ya bahari, namtazama mama yetu akimvua samaki wa tabia hiyohiyo, samaki wa giza, saa sita mchana. Mdogo wangu hakumbuki, ingawa alikuwepo. Alikuwa mgongoni mwa mama.

Wakati ule tulikaa Chatsworth, hapa Durban, katika chumba cha uani nyuma ya nyumba ya mama mmoja wa Kizanzibari, wa wale ambao mababu zao waliletwa Durban zamani. Hakuwa ndugu yetu, lakini tulimwita Shangazi na yeye akaitika. Alishona nguo kiwandani Jacobs siku tano za wiki, na Jumamosi alikwenda kuvua. Kiswahili chake alikipata kwa bibi yake na madrasa, kikachanganyika na Kizulu, na sisi tulikuja na cha kwetu cha Burundi chenye Kifaransa ndani, basi mazungumzo ya uani yalikuwa kila mtu anacheka maneno ya mwenzake. Asubuhi uani kulinuka mafuta ya vitumbua vyake na sabuni ya nguo tulizofua. Baba alilinda magari kwenye maegesho ya maduka, akirudi jioni, uso umeungua na jua.

Mama ndiye aliyekuwa hachekeshwi na kitu. Kwetu Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, alikuwa mwanika ndagala, dagaa wa kwetu. Wanaume walivua usiku kwa taa, na asubuhi wanawake waliwatandaza samaki mchangani na kuwafukuza kunguru kwa sauti. Baba alisema sauti ya mama ilifika kwenye mitumbwi kabla ya mwanga. Mimi sauti hiyo sikuijua. Wiki ya pili tangu tufike Durban, mama alikuwa anaongea na simu ndani ya teksi, yale mabasi madogo ya hapa, kwa Kirundi, mtu mmoja akamwita kwerekwere, tusi lao kwa wageni, akamwambia afunge mdomo au arudi kwao. Wengine wakacheka. Tangu siku hiyo mama aliongea kama mtu aliye msibani, hata ndani ya chumba chetu. Dukani alinituma mimi. Mwisho akamwambia baba kwamba anarudi kambi ya wakimbizi kule Tanzania, tulikopitia, alikobaki bibi yangu. Angekwenda na mtoto mdogo, mimi nibaki niendelee na shule. Basi lingeondoka Jumatano. Begi lake lilikuwa limeshafungwa, limekaa chini ya kitanda, na mimi kila nikilala nilikuwa nalala juu yake.

Juma la kabla ya safari ilinyesha mvua siku tatu mfululizo, katikati ya majira ya baridi, wakati Durban huwa kavu. Jumamosi kukapambazuka kweupe. Shangazi akagonga mlango wetu, ameshika fimbo yake ya kuvulia, ndefu kuliko nyumba.

"Dada, mgongo unaniuma," akamwambia mama. "Nani atanibebea chakula changu?"

Mgongo wake haukuwa na lolote. Mama alijua, mimi nilijua. Lakini mtu aliyekupa chumba humwambii hapana. Mama akamfunga mtoto mgongoni, akachukua kikapu, nami nikafuata na ndoo. Tukapanda teksi mbili, mama ameegemea dirisha njia nzima.

Tulishuka karibu na mdomo wa mto Umgeni. Pale pana ukuta wa mawe makubwa ulioingia baharini, na juu yake walikuwa wamepangana wavuvi, wazee wa Kihindi wenye kofia za sufu, vijana wa Kizulu, kila mmoja na fimbo yake. Mto ulikuwa umebeba udongo wote wa huko juu. Bahari ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa hadi mbali sana, kisha mstari, kisha buluu. Mama akasimama akitazama fimbo zile.

"Mchana?" akamwuliza Shangazi, kwa ile sauti yake ndogo. "Hapa wanavua mchana?"

"Leo tu," Shangazi akajibu, huku akifunga kwenye mshipi chubwi ya kuuzamisha na kuichoma ndoano katika kipande cha ngisi. "Kuna samaki anaitwa kobu. Mkubwa huyo! Jua halipendi, anatembea usiku. Lakini maji yakichafuka hivi, huko chini kwake iko usiku. Hana saa, dada. Anaona giza, anasema twende tukale."

Mama alikaa chini, akayatazama maji kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akitazama chochote cha mji ule. Tukakaa. Upepo ulikuwa wa baridi na mawe yalikuwa ya moto. Tulikula mkate na samosa, tukanywa chai ya tangawizi ya chupa. Samaki wadogo wawili walipatikana, wakarudishwa.

Jua lilipopita kichwani, Shangazi akatawadha kwa maji ya chupa. Akampa mama fimbo. "Nishikie nisali. Usifanye chochote. Shika tu." Akatandika mkeka wake nyuma yetu, mahali palipo sawa, akaanza.

Alikuwa bado amesimama katika rakaa ya kwanza fimbo ilipoinama. Haikutikisika kwanza, haikugonga. Iliinama tu polepole, kama mtu anayesalimia mkubwa, kisha mshipi ukaanza kutoka kwa mlio uliowafanya wanaume wote wageuke.

Mama akanitazama. "Mchukue mtoto," akasema. Nikamfungua mdogo wangu mgongoni mwake. Shangazi nyuma yetu akarukuu. Hakugeuka. Baadaye alituapia kwamba hakuna sala iliyomgharimu kama ile.

Mzee mmoja akasogea, akanyoosha mikono. "Lete, mama, nikusaidie."

"Usiguse!"

Rafiki yangu, sijui nikuelezeje. Ilikuwa sauti ya mama, iliyotoka chini kabisa ya mtu. Mtoto mikononi mwangu aliruka. Njiwa waliokuwa juu ya mawe waliruka. Mzee akarudi nyuma hatua mbili, amekunja mikono kifuani. Samaki akakata kulia, akielekea kwenye mishipi ya wengine, na mama akawageukia wale wanaume wote na kuwaamrisha kwa Kirundi, watoe mishipi yao, wainame, wapishe njia! Hakuna hata mmoja aliyejua Kirundi. Wote walitii. Mishipi ikakunjwa, fimbo zikainuliwa, na mama akapita katikati yao juu ya mawe yale yaliyolowa, miguu mitupu, akimfuata samaki wake.

Shangazi akatoa salamu, kulia, kushoto, kisha akaja mbio na mkeka mkononi. Nilidhani atachukua fimbo yake. Akasimama kando ya mama. "Mwachie! Mwachie akimbie! Sasa inua. Sasa kunja. Sharp, dada, safi!"

Siwezi kukuambia ilichukua muda gani. Mama alilowa jasho, kilemba kikamwanguka, hakukiokota. Mwisho maji ya kahawia yakafunguka, likatokea bega la fedha, likazama, likatokea tena. Kijana mmoja akateremka na fimbo yenye kulabu, mwenzake amemshika mkanda, wakampandisha.

Akanguruma. Naapa. Alipolazwa juu ya jiwe alitoa mlio mzito toka tumboni, kama ngoma iliyopigwa ndani ya nyumba nyingine. Ubavu wake ulikuwa wa fedha, ukigeuka kuwa zambarau na shaba kadiri jua lilivyompiga, na kwenye mstari wa ubavu vitone vilimeremeta kimoja kimoja. Kinywani ndani alikuwa wa manjano. Kitu kilichoishi gizani siku zake zote, na sasa kimelala mbele yetu katika mwanga wote huo. Yule mzee akavua kofia yake ya sufu.

"Eish, mama," akasema.

Mama alipiga magoti, akaweka mkono juu ya kichwa cha samaki, akaanza kucheka. Mimi nililia, na sikujua kwa nini.

"Fimbo yangu, samaki wako," Shangazi akasema, na mjadala ukaisha kabla haujaanza.

Uani mama alimpasua kwa kisu cha Shangazi, na ilipohitajika nguo ya kuwafungia majirani minofu yao, aliingia ndani, akavuta begi chini ya kitanda, akatoa kitenge chake cha safari na kukichana vipande. Nilimwona akifanya hivyo. Baba alirudi akakuta samaki kwenye nyanya na mawese, akauliza nani kaleta. Mama akajibu kwa sauti iliyosikika nyumba ya tatu.

Jumatano ilipofika alinichania nywele za shule. "Nimempigia bibi yako," akasema. "Nimemwambia bado."

Alifanya biashara ya nyanya Warwick miaka mingi, na ukimtafuta sokoni ulifuata sauti tu. Kiwanda cha Jacobs kilifungwa. Chumba cha uani kimevunjwa, sasa wanatengeneza magari hapo. Shangazi alitangulia mbele ya haki, kisha baba, ambaye hakuwepo siku ile lakini kwa kuisikia sana aliisimulia kama alikuwepo. Mama tulimzika majuzi tu. Watatu hao walikuwa na ugomvi mmoja usiokwisha. Baba alisema samaki alimfikia mama kiunoni, Shangazi akasema begani, mama akainuka katikati ya chakula kuonyesha kwa mkono, juu ya kichwa changu, na kila mwaka mkono ulipanda kidogo. Siku hizi nikisimulia, naonyesha urefu ninaoutaka, na hakuna mtu wa kunibishia.