Mgeni Asiyeshiba wa Nyumba ya Ekefulo

Timareta aliolewa katika nyumba yenye ng'ombe wawili na jina kubwa. Ng'ombe walikufa mwaka wa ukame, mumewe akafa kwa homa miaka miwili baadaye, jina likabaki. Akalishika kama mtu anavyoshika chungu cha mwisho jikoni. Katika kijiji kizima chini ya mlima Helikoni hakuna mwanamke aliyefuma kitambaa kilichonyooka kama chake, wala aliyenyoosha shingo kama yeye akienda kisimani.

Baba mkwe wake, mzee Ekefulo, alipigana vita moja ujanani na kuisimulia miaka arobaini. Akipumzika na vita husema, "Nyumba hii haijamuuliza mgeni jina kabla hajashiba. Babu hakuuliza. Baba hakuuliza." Na kweli, wengine kijijini walikuwa wakiuliza jina mgeni akiwa bado na tonge mkononi. Timareta aliwadharau kimyakimya, na mara nyingine si kimyakimya.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya harusi ya bintiye Klearista. Kondoo dume mmoja alikuwa akinoneshwa zizini, na mtungi wa shayiri umejaa hadi shingoni. Hapo ndipo mwanamume mmoja mwenye vumbi na tumbo aliposimama mlangoni, akaketi kwenye majivu ya jiko kama wafanyavyo waomba hifadhi, akainamisha kichwa.

Mzee Ekefulo karibu aangue kilio kwa furaha. Miaka mingi hakuwa amepata sikio jipya.

"Inuka, mgeni! Mkwe wangu, maji ya miguu! Divai! Mkate! Wewe kula kwanza, mengine baadaye."

Mgeni akala. Akala mkate wa shayiri, jibini, tini, dengu, na zeituni ambazo Klearista alikuwa amejiwekea. Alipofikia kipande cha mwisho cha mkate akakiacha pembeni mwa sahani, akashusha pumzi.

"Umeshiba, bwana?" Timareta akauliza.

"Karibu," akajibu mgeni. "Karibu sana. Labda kesho."

Siku ya pili ikawa karibu. Siku ya tatu ikawa karibu zaidi. Kuna nchi ambako mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Kwa Ekefulo alipewa ngozi ya pili ya kulalia. Kila mlo uliisha kwa kipande kilekile kidogo pembeni mwa sahani, na maadamu kipo, mgeni hajashiba, na maadamu hajashiba, haulizwi jina wala safari yake. Mzee alikuwa ameshafika katikati ya vita. Mtungi wa shayiri nao ulikuwa umefika katikati.

Siku ya saba jirani yao Nikeso akachungulia juu ya ukuta.

"Shoga, huyo mgeni au umeolewa tena?"

"Mdomo wako, Nikeso."

"Mimi nauliza tu. Mwenzio juzi kaniomba vitunguu. Kwani hamumlishi?"

"Tunamlisha hadi ngazi za ghala zinalia."

"Basi mfukuze."

"Nimfukuze, halafu wewe ufike kisimani kabla yangu kunitangaza?"

Nikeso akacheka mpaka akashika ukuta. Wote wawili walijua kwamba angefika mbio.

Timareta akaingia ghalani, akatia mkono mtungini. Mkono ukazama hadi begani ndipo ukagusa shayiri. Mama wa bwana harusi alikuwa mwanamke wa kuhesabu mifupa kwenye sinia, na akiona karamu nyembamba angesema binti ametoka nyumba ya njaa, na Klearista angeishi na neno hilo mpaka uzeeni. Lakini kumtoa mgeni nje kwa mkono ni kumkosea Zeu, mlinzi wa wageni, na mababu wote wa Ekefulo kwa mpigo. Jioni hiyo akamsikia mgeni akimwambia mzee, "Lile dume zizini, baba, linaonekana limechoka kuishi."

Timareta hakulala vizuri. Asubuhi akamchana baba mkwe wake ndevu, akamvika joho safi.

"Baba, mtu aliyekaa nasi siku zote hizi si mgeni tu. Kwa nini usimfanye rafiki wa nyumba?"

Mzee akalengwalengwa na machozi. "Mkwe wangu, una moyo wa mwanamume."

Akaitwa Nikeso awe shahidi, na mumewe, na kila aliyekuwa na nafasi. Mzee akampa mgeni mkono wa kulia, wakaapa urafiki, wao na wana wa wana wao. Mgeni aliapa kwa furaha, huku akitazama zizi.

"Basi sasa," akasema Timareta, "tunakuja kwako."

"Kwangu?"

"Urafiki una milango miwili. Klearista, chukua shuka. Baba, mkuki wako."

"Kwangu ni mbali, mama."

"Miguu tunayo."

"Njia ina wanyang'anyi."

"Baba mkwe wangu kashapigana vita. Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia," mgeni akasema kwa sauti ya kufa.

"Jina sikuulizi, bwana. Tuoneshe njia tu."

Nikeso akafunga mlango wake akawafuata. Alisema hawezi kukosa hili hata nyumba yake ikiungua.

Mbali kwenyewe kulikuwa mabonde mawili. Kabla jua halijasimama kichwani walifika kwenye nyumba nzuri yenye kondoo wengi, na shamba lililoota magugu marefu kuliko Klearista. Mwanamke mnene akatoka na mwiko mkononi.

"Pithilo! Umerudi kutoka hekalu la Delfi! Mungu kasemaje? Kwa nini shamba letu halizai?"

Mgeni akatazama viatu vyake.

"Mungu kasema," akajibu Timareta taratibu, "shamba linataka mtu wa kulilima."

Mwanamke yule, Hagesa, akawatazama mmoja mmoja, kisha akamtazama mumewe kwa muda mrefu. Lakini naye alikuwa mtu wa nyumba ya heshima. Akaleta maji ya miguu.

Wakala. Mzee Ekefulo akaanza vita tangu mwanzo, maana Hagesa alikuwa na mama mzazi asiyeweza kutembea. Nikeso alikula kama mtu aliyekatazwa kula kesho. Siku ya pili jioni Hagesa akamvuta Timareta nyuma ya nyumba.

"Dada yangu, kule kwenu mume wangu alikula siku ngapi?"

"Nane. Na binti yangu anaolewa wiki hii."

Hagesa akafumba macho, akayafumbua. "Rafiki wa nyumba haondoki mikono mitupu. Chukua madume mawili na magunia manne ya shayiri. Pithilo atayabeba mwenyewe mgongoni. Ila muondoke kesho, maana mama yangu anaomba kufa."

Siku ya harusi mama wa bwana harusi alihesabu mifupa, akapoteza hesabu, akaanza tena. Mwishowe akasogeza sahani yake mbele aongezewe. Timareta akamkatia paja la pili, kipande kinene.