Roza Anarudi kutoka Barcelona

Kutoka Barcelona hadi Ninove, Ubelgiji, ni kilomita elfu moja na sitini na moja. Ndege ya abiria ingeumaliza mwendo huo kwa saa mbili, na biskuti ungegawiwa. Njiwa hagawiwi kitu.

Godelieve Baetens, mpishi wa shule, aliachiwa na marehemu mumewe banda la njiwa wa mashindano. Aliachiwa pia shemeji, Firmin, mwenyekiti wa chama cha wafuga njiwa, mtu anayeamini mwanamke na njiwa wanakutana kwenye sufuria tu. Siku ya kuwapakia njiwa kwenye lori la kuwapeleka Barcelona, mbio zinakoanzia, Firmin alimcheka mbele ya mkahawa mzima.

"Shemeji, huyo njiwa wako Roza kazeeka. Mpike supu, hao wengine niuzie mimi."

"Wa supu ni wewe, meno yameshaanza kukuaga," Godelieve akamjibu. "Sikiliza. Siku ya pili ya mbio, Roza asipoingia bandani kabla ya saa sita mchana, banda nalivunja kwa mikono yangu. Akiingia, habari ya kuuza usinitajie tena."

Hakusema kwa hasira tu. Roza alikuwa ameacha kinda wa siku tano kiotani, na jike mwenye kinda hazururi njiani.

Njiwa waliachiwa asubuhi saa mbili. Kesho yake, saa tano na nusu, Godelieve alikuwa uani kwenye kiti, shingo juu, kahawa imepoa. Mtaa mzima ulikuwa kimya. Jirani hata shuka hakuanika, asije akamtisha njiwa wa mtu. Firmin ndiye aliyekuja na jaketi la rangi ya machungwa, akasimama katikati ya ua kama taa ya barabarani.

Saa sita kasoro dakika nane, Roza akatua juu ya paa. Akamtazama Firmin. Hakushuka.

Juu ya paa hakuhesabiki kitu. Mpaka pete ya mguuni ipite mlangoni mwa banda na mashine ya kuandika saa ilie, njiwa bado yuko safarini.

"Firmin, ondoka."

"Hapa ni kwa kaka yangu."

"Basi vua jaketi."

"Nina mafua, shemeji," akasema, huku anatabasamu.

Zimebaki dakika nne. Godelieve hakubishana. Alichukua mpira wa maji wa bustani, akaufungua wote, akamlenga kifuani, akamrudisha hatua kwa hatua hadi ndani ya chumba cha kufulia, akabana mlango kwa mgongo. Kisha akatikisa taratibu kopo la mahindi.

Roza akashuka. Mashine ikalia saa sita kasoro dakika moja.

"Shemeji," Firmin akaita kutoka ndani, meno yakigongana, "nipe basi hata taulo."

"Subiri. Aliyetoka Barcelona anakunywa maji kwanza."