Wembe wa Celestino na Wivu wa Tango

Mtaa mzima wa Boedo ulimwonea huruma Celestino Bruzzone, kinyozi, kwa jinsi wanawake walivyomtenda. Kila bendi ilipopiga redioni tango, ule wimbo wa dansi wenye majonzi, alilotunga yeye, watu walitikisa vichwa: mara kakimbiwa kwa ajili ya mcheza kamari, mara kaachiwa glavu moja tu mezani. Wateja walianza kumpa pole hata hajawafunga shuka shingoni.

Ukweli ni kwamba Celestino hakuwahi kuachwa na mtu. Mke wake, Herminia, alikuwa ghorofani juu ya duka lake, akimkaangia vitunguu.

Siku moja Herminia alirudi kutoka buchani amefura.

"Unajua mke wa mwenye bucha kaniambia nini? 'Afadhali umerudi, dada. Mumeo aliteseka!'"

"Ni nyimbo tu, mke wangu. Niandike kwamba unanipikia supu? Nani atalia?"

"Kumbe unataka kuachwa! Haya, bwana, leo umeachwa."

Akabeba sanduku lake, akaenda zake mtaa wa Barracas kwa dada yake, Adelma.

Celestino, Mungu amsamehe, alifurahi. Uchungu wa kweli umepatikana! Akaketi na kalamu yake, lakini kichwani hakikuja kitu ila swali moja: chumvi inakaa wapi? Akala mayai hayana ladha, akavaa shati vifungo vimepishana, akamnyoa mfamasia sharubu za upande mmoja na kuusahau wa pili.

Ndipo mteja mmoja akamletea umbea: Herminia kaonekana mlangoni kwa Adelma akicheka na Nazareno, muuza barafu, jitu lenye mabega kama kabati.

Katika nyimbo zake, mambo kama hayo yaliishia kwenye kisu. Celestino akatia wembe mfukoni, akadandia tramu huku akipanga maneno ya kusema.

Akamkuta Nazareno mlangoni kwa Adelma, anashusha barafu.

"Nazareno!" alinguruma, wembe mkononi.

"Loo, fundi! Mungu kakuleta! Binti yangu anaolewa leo mchana, na mimi niko hivi!"

Nazareno akakalia ndoo, akainua kidevu, akafumba macho.

Shingo ile pale, wembe huu hapa. Celestino akaitazama shingo kwa chuki, kisha akaziona ndevu. Zilikuwa vichaka vitupu. Mtu anawezaje kwenda harusini hivyo?

"Shemeji Adelma," akaita kwa unyonge, "niletee sabuni na maji ya moto."

Herminia alikuwa dirishani, anacheka mpaka kashika mbavu. Nazareno alipoondoka ameng'aa, Herminia alishuka, akamfungua mumewe shati, akaanza kumfunga upya, kifungo baada ya kifungo.

"Umekonda."

"Chumvi unaiweka wapi?"

"Hilo ndilo lililokuleta?"

"Nilikuwa na maneno mazuri, Hermi. Yameniishia kwenye tramu." Machozi yakamlenga. "Nyumba haikaliki."

Wakarudi pamoja. Juma lile Celestino alitunga tango la mwanamke anayemfunga mumewe vifungo. Kiongozi wa bendi alilisoma, akaigeuza karatasi nyuma kutafuta mwisho wake.

"Halafu? Hakimbii?"

"Hakimbii."

"Basi hapa hakuna wimbo, bwana."

Halijapigwa mpaka leo. Celestino huliimba mwenyewe Jumapili, kwa sauti ya bawaba iliyokosa mafuta, Herminia akikanda unga.

"Funga dirisha kwanza," Herminia humwambia. Akimaliza kuimba, humtaka aanze tena.