Mpiga picha za mitindo aliyedhaniwa mpima ardhi

Jua linagusa kichwa cha Mlima Hanang kwanza. Chini huku Mogitu bado ni ubaridi wa kung'ata masikio, na Gidion Sulle ameshaloa mpaka magotini kwa umande wa shamba la alizeti. Anachomeka vigingi.

Kigingi hapa, hatua nne, kingine pale. Kila kimoja amekifunga utepe mwekundu ili Erica, mwanamitindo wake wa leo, ajue pa kukanyaga bila kuangalia chini. Kamera iko juu ya stendi ya miguu mitatu.

"Sista Erica, usitetemeke. Mtu wa mitindo hasikii baridi."

"Njoo uvae wewe huu wavu, tuone," Erica anamjibu.

Ana haki. Gauni lake limeshonwa kwa nyavu nyekundu za kufungia vitunguu saumu. Limemchukua Hadiya, fundi cherehani wa Dongobesh ambaye naye yuko hapa shambani leo, wiki tatu nzima. Erica mwenyewe ni muuguzi, mtu wa Njombe aliyepangiwa kazi Katesh, na saa mbili asubuhi anatakiwa awe zamu.

Gidion naye ana lake. Maonyesho ya picha ya Arusha yanataka picha tano, mwisho Ijumaa. Leo ni Jumatano na anazo nne. Wiki ijayo alizeti zitakuwa zimeinamisha vichwa. Bila ya tano, hawapokei hata moja.

Ana miaka 26, kwao ni Tumati, wilaya ya Mbulu. Shule aliacha kidato cha pili, na halipambi jambo hilo.

"Sikufukuzwa, wala sikukosa ada. Nilichoka," anasema. "Darasani nilikuwa naangalia mwanga tu, unavyoingia dirishani, unavyompiga mwalimu shavuni. Sasa nani atakupa maksi kwa hiyo?"

Alianzia kwenye minada, picha za pasipoti, kitambaa cha buluu kimetundikwa ukutani. Baadaye zikaja harusi na kipaimara. Hizo ndizo zinazomlisha: harusi moja laki mbili na nusu, ikipatikana. Msimu wa kulima haipatikani. Zile picha anazozipiga kwa moyo, mwaka jana mzima aliuza mbili.

"Mtu anakuletea mtoto wake, anakwambia mng'arishe awe mweupe. Nikikataa anaenda kwa mwingine. Aende! Ngozi ya huku na jua la huku vinapatana vyenyewe."

Kamera aliinunua kwa maksai wawili aliopewa na baba yake, mzee Felician, ili aanze kulima. "Baba aliizungusha mkononi, akaniuliza, hii inalima ekari ngapi kwa siku?"

Sasa Erica ameshavua koti. Mwanga unashuka mlimani kama maji. Gidion anainama kwenye kamera.

"Nani amewaambia mpime?"

Sauti inatoka katikati ya alizeti. Ni mwenye shamba, mzee Gidamis, shuka begani, fimbo mkononi. Nyuma yake wako majirani wawili, nao hawakuja kuchuma maua.

"Shikamoo mzee," wanasema wote watatu.

Haitikii. Anang'oa kigingi cha kwanza, anakitupa. Anang'oa cha pili.

"Mzee, sisi ni watu wa picha tu," Gidion anajaribu.

"Picha! Hata wale wapima ardhi walisema wanaangalia tu. Miguu mitatu hivi hivi. Utepe mwekundu hivi hivi. Mvua moja haijapita, ng'ombe wangu hawana njia ya kwenda majini."

Hapo ndipo Gidion alipoona alichofanya. Mzee wa Hanang akikuta kigingi chenye utepe mwekundu shambani mwake hawazi mitindo. Anawaza ardhi inakwenda. Na mtoto wa mkulima alitakiwa alijue hilo kuliko mtu yeyote.

Ruhusa alikuwa ameomba, ndiyo. Aliiomba kwa simu, kwa mtoto wa mzee anayefanya kazi Katesh, naye akamjibu, "Pigeni tu." Baba mtu hakuambiwa kitu.

"Nilipita karibu na mlango wake," Gidion anakiri. "Nikaona moshi, nikasema nitamsalimia tukimaliza, mwanga usinikimbie. Ujinga mtupu."

Shambani alianza kubishana, kuonyesha simu, kumtaja huyo mtoto. Hadiya akamkata: "Gidi, nyamaza. Fungasha."

Akafungasha. Vigingi vilivyobaki aliving'oa mwenyewe, akamkabidhi mzee kwa mikono miwili, akasema tena shikamoo.

"Shikamoo yako imechelewa," mzee akamwambia. "Shikamoo inaanzia mlangoni. Twendeni mlangoni."

Wakaenda. Mlangoni wakamwamkia upya, safari hii wakaitikiwa marahaba. Wakapewa vigoda, wakapewa maziwa. Hakuna aliyekuwa na haraka isipokuwa Erica na zamu yake, na Gidion, aliyekuwa anaangalia kivuli cha nyumba kikifupika na picha yake ya tano ikienda nacho. Mke wa mzee akalishika gauni la Erica, akalivuta kidogo.

"Hii si ya vitunguu saumu?"

"Ndiyo, mama," Hadiya akajibu.

"Na vitunguu vyenyewe mmevimwaga wapi?"

Mzee Gidamis akacheka mpaka akakohoa. Saa moja na nusu akasema, "Kapigeni. Lakini miguu mitatu inabaki hapa, na vijiti vyenu."

Jua lilikuwa limepanda na upepo umeamka. Gidion, aliyezoea kupanga kila kitu kwa hatua, akashika kamera mkononi. Erica hakuwa na alama ya kufuata, na alikuwa anaiwaza zamu, kwa hiyo alitembea kama mtu anayechelewa kweli. Wavu ukanasa kwenye alizeti, akauvuta bila kusimama. Gidion akabonyeza.

"Nilijua nimeharibu. Haikutulia."

Hadiya aliiona tofauti. "Zile nne ni kama umepiga nguo iko kwenye henga," akamwambia. "Hii inatembea."

Akaituma Alhamisi. Jumatatu akajibiwa: zote tano zimepokelewa. Erica alichelewa kazini dakika ishirini, nywele zimejaa petali za njano, akasemwa mbele ya wagonjwa.

Lakini siku ile mzee Gidamis hakumwacha Gidion aondoke. Alibadilisha shuka, akavaa jipya, akaenda kusimama kwenye jiwe la pembe ya shamba.

"Nipige hapa. Mlima uonekane, na mti wa jirani uonekane. Akija mtu na vigingi vyake, nimwonyeshe nilikuwa nimesimama wapi."

Wakazunguka pembe zote nne. Kabla ya saa sita, wale majirani wawili nao walishaenda kubadilisha nguo.

Sasa Gidion anataka kutembea kutoka Mogitu mpaka Maretadu akiwapiga watu picha kwenye mipaka yao, kila mmoja na nguo anayoipenda kuliko zote: ya kanisani, ya Idi, suti ya harusi hata kama haifungi tena. Kila mtu atapewa yake kwanza, ndipo nyingine ziende kwenye maonyesho.

"Wananiambia mitindo iko Dar, nihame," anasema Gidion. "Nenda kamwone yule mzee alivyosimama kwenye jiwe lake, halafu urudi uniambie modo ni nani."