Daftari la Mtani wa Baba

Kila mwaka huletwa mwalimu mpya kutoka mkoa wa mbali. Anakaa Masasi wiki mbili, anamaliza vocha kwa kupiga simu kwao, kisha anakuja maktaba kuniuliza kama nina vitabu vya katuni. Ninavyo. Nafundisha Jiografia, natunza maktaba ya shule, na katuni nilianza kuzitazama kabla sijajua herufi. Swali linalofuata ndilo linalonichosha. Anataka zile za majitu yanayoruka na kuokoa dunia. Nazo ninazo, mfadhili mmoja alituletea boksi zima. Nimeziweka rafu ya chini, pamoja na vitabu vya kilimo cha pareto, zao ambalo huku hatulimi. Mtu mzima amevaa chupi juu ya suruali, anakatiza angani, na mji mzima unamwamini. Huku kwetu mtu akivaa hivyo tunawaita ndugu zake.

Mgeni wangu namkalisha chini, nampa kwanza kitabu cha foleni ya maji. Alikichora mwanamke anayechora vipeperushi vya zahanati. Kina kurasa arobaini. Mama mmoja amefika kisimani na ndoo kabla ya jua, na ukurasa wa mwisho amesogea hatua nne. Hakuna anayeruka wala kuokoa chochote. Kuna mwenzake mbele anayesema ndoo tano zote ni za kwake, na kuna ukurasa mzima wa nyayo tu. Mimi nimezaliwa Mnyambe, juu Newala, najua maji yalivyotutesa. Nilipokimaliza shingo iliniuma.

Cha pili nampa cha mtendaji wa kijiji aliyepoteza mhuri. Aliyekichora ni karani mstaafu, na kusema kweli mikono ya watu wake yote inafanana na vijiko. Lakini sura za watu wanaosubiri barua amezipata barabara. Kwa wiki nzima hakuna anayeweza kuuza mbuzi, kuhama wala kuoa kwa halali. Wanaendelea kuishi hivyo hivyo, bila kuthibitishwa. Mwalimu mmoja kutoka Kanda ya Ziwa alikirudisha akasema hakina mwisho. Nikamwambia arudi akishapata uhamisho wake, tutazungumza.

Cha tatu ndicho bora kuliko vyote na hakiazimwi. Ni daftari la shule la kurasa themanini na nne, liko kwa baba yangu Mnyambe. Nikilisifia, watu huomba nilipige picha niwatumie. Sitaki. Nitaeleza tu lilivyopatikana.

Baba ni Mmakonde. Mtani wake ni Mmakua wa Lisekese, hapa hapa Masasi, fundi wa kuchora mabango, na karibu kila kinyozi wa mjini ana kichwa kilichochorwa na yeye ukutani. Walikutana ujanani kwenye ghala la korosho, kila mmoja na magunia yake, wakatukanana toka asubuhi mpaka mizani ikafungwa, na tangu siku hiyo ni ndugu. Utani wa makabila yetu uko hivyo. Mtani anakwambia lolote, mahali popote, hata msibani, na anayenuna ndiye aliyeshindwa. Wengine hutaniana kwa mdomo. Huyu alitania kwa kalamu. Kila alipopanda Newala alikuja na daftari, na ndani ya daftari alikuwamo baba.

Alimchora akipima maji ya kuoga ya wageni kwa kikombe, maana baba kwa maji ni mkono wa birika. Alimchora akibishana na redio, na redio ikaomba msamaha. Mama na sisi watoto tulikuwa tukivunjika mbavu. Baba alisoma kila ukurasa kwa uso ule ule anaosomea barua ya serikali, akalamba kidole, akafunua, akafika mwisho, akasema, "Masikio umekosea." Kila mara hivyo hivyo, kwa miaka arobaini na ushee. Hakuwahi kucheka mbele ya mtani wake hata siku moja. Mtani akishaondoka ndipo alipoingia chumbani, na mama anasema kitanda kilikuwa kinatikisika.

Halafu macho ya baba yakaanza kuingia ukungu. Hakutuambia. Tulijua siku alipopulizia dawa ya salfa mikorosho sita ya jirani kwa bidii kubwa, akaiacha ya kwake. Jirani alishukuru sana. Muuguzi wa zahanati alimmulika kwa tochi akasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, dawa yake ni upasuaji. Baba akasema baada ya salfa. Baada ya salfa akasema baada ya korosho. Baada ya korosho ikawa mihogo. Ukweli alimwambia mama peke yake: amesikia jicho hutolewa likawekwa mezani, na yeye hawezi kumpa mtu jicho lake alishike.

Mtani naye hakulala. Alileta daftari ambamo mbuzi amepita barazani akalia, na baba, bila kugeuka, akamjibu, "Marahaba." Ilitokea kweli. Baba hakuweza tena kuona picha, nikamsomea mimi maneno na kumweleza kila kisanduku. Akasikiliza mpaka mwisho. "Mbuzi alisalimia vizuri," akasema. "Kuna watu hawasalimii." Kisha akauliza masikio yakoje. Nikamwambia yako sawa. Akasema haiwezekani.

Hilo la mbuzi ndilo likawa la mwisho. Miaka miwili ikapita mtani akija mikono mitupu, akitania kwa mdomo kama wengine, na sisi tukadhani ni uzee, au bei ya madaftari. Mwaka jana, mwezi wa saba, muuguzi alimmulika tena baba akaniita pembeni. Jicho la kulia likicheleweshwa zaidi litakufa, alisema, na likifa halifufuki. Wiki iliyofuata madaktari wa macho wangekuja hospitali ya Masasi kwa siku tano tu. Niliogopa sana. Niliogopa baba asije akaishi miaka yake iliyobaki akiuliza nani kaja. Nilimwomba, nikamletea ndugu zake, nikamletea mtu wa Mkunya aliyepasuliwa akapona. Baba alimpongeza mtu wa Mkunya, akasema mihogo kwanza.

Nikampigia simu mtani. Nikamweleza yote; alicheka kidogo akakata.

Jumamosi akapanda kwa bodaboda. Julai kule juu kuna baridi, nikampa chai, akashika kikombe kwa mikono yote miwili. Baba alikuwa kwenye kiti chake. Mtani akasema kwa sauti kwamba ameleta kazi mpya, kubwa kuliko zote, na haina maneno hata moja. Akamwambia mama atoe daftari kwenye mfuko afungue mwenyewe. Mama akafungua. Akamtazama mtani. Akafunua ukurasa wa pili, wa tatu, kisha akaangua kicheko ambacho sijakisikia tangu harusi ya mdogo wangu. Jirani wa salfa akapita, akaitwa, akatazama, naye akacheka mpaka akashika nguzo. Kisha wakanipa mimi.

Lilikuwa tupu. Mistari ya daftari tu, kutoka jalada mpaka jalada. Mtani alinikazia macho. Mimi ni mwalimu wa maktaba, sijawahi kusema uongo kuhusu kitabu. Nikacheka. Nilianza kwa kujilazimisha, nikamwona baba anageuza kichwa huku na huku akitafuta sauti zetu, kicheko cha kweli kikanijia, na machozi yakachanganyika humo humo.

"Nisomee," baba akasema.

"Hakuna maneno, baba."

"Basi nieleze."

"Haielezeki. Mpaka uone."

Hakuweza kukasirika kwa sababu ya sheria ya utani. Mtani akaliweka daftari kwapani, akaaga, akasema mwenye kulitaka atalikuta kwake Lisekese.

Jumapili mchana kutwa baba hakusema na mtu. Jioni akamwita mama. "Humo nimevaa nini?"

"Hujavaa," mama akasema.

"Sijavaa nini?"

"Utaona mwenyewe."

Jumatatu asubuhi tulimkuta barazani, amevaa koti lake, amechana nywele, fimbo mkononi. Alisema anatusindikiza mjini, ana shughuli zake. Njiani kote hakuuliza hospitali iko wapi. Walipomwita aliingia kabla hawajamaliza jina.

Walianza na jicho la kulia. Kesho yake nesi akaondoa bandeji, akanyoosha vidole amwulize ni vingapi. "Vitatu," baba akasema. "Na ukucha mmoja umevunjika." Kisha akanigeukia. Alinitazama muda mrefu. Aliniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, Mama fulani, kama anavyoniita siku zote, akasema, "Kumbe na wewe una mvi." Nilitamani kulia na nililia. Hakunibembeleza, aliuliza bajaji ziko upande gani.

Walimpa miwani myeusi, akafanana na mpiga gitaa wa dansi. Tulishuka Lisekese kwa mtani. Alikuwa amekaa nje ya karakana yake, mbao za mabango zimeegemezwa ukutani nyuma yake, mkono wa kulia mfukoni. Wakasalimiana kwa matusi ya kawaida. Baba akanyoosha mkono. "Lete."

Mtani akaonyesha kwa kidevu, daftari liko mezani. Nesi alisema miwani isivuliwe. Baba akaivua. Akalamba kidole, akafungua ukurasa wa kwanza. Akautazama kwa ule uso wake wa barua ya serikali, akafunua. Alifunua zote. Nilisimama pale roho juu, najua sasa atajua tulimcheka kwa karatasi tupu, mkewe, jirani na bintiye. Alipofika mwisho akafunga.

"Umezeeka vibaya," akamwambia mtani.

"Na wewe hujajiona."

"Kwa nini hukuchora?"

"Ningechora ili iweje? Ulikuwa huoni."

Baba akageuza kichwa. Alikuwa anatazama mbao zilizoko ukutani. Nami nikatazama. Kulikuwa na bango la bucha, na ng'ombe wake alikuwa na mgongo wa mawimbi, na herufi zilikuwa zimefutwa zikarudiwa, zikafutwa tena. Bango la kinyozi lilikuwa na kichwa nusu.

"Toa mkono," baba akasema.

"Mkono gani?"

"Huo."

Mtani akautoa mfukoni, akauweka juu ya goti. Ulikuwa unatetemeka. Aliushika kwa mkono wa pili, ukaendelea.

"Tangu lini?"

"Tangu ile ya mbuzi."

Niliona aibu. Miaka miwili alikuwa anakuja kwetu, tunampa chai, anashika kikombe kwa mikono miwili, na sisi wenye macho tulisema ni baridi. Mama aliambiwa atoe daftari mfukoni alifungue mwenyewe, na hakuna aliyejiuliza. Mimi niliyaona yale makaratasi matupu nikadhani ni ujanja mtupu. Ulikuwa ujanja, lakini hakuwa na njia nyingine. Baba alikuwa na jicho moja, la tangu saa tatu asubuhi, na ndilo lililoona.

Baba akageuka kwangu akaniambia nimpe kalamu. Nikampa ile nyekundu ya kusahihishia, sikuwa na nyingine. Akavuta kigoda, akafungua daftari ukurasa wa kwanza, akamtazama mtani, akainama.

Baba hajawahi kuchora kitu maishani mwake, labda mpaka wa shamba. Alichora karibu nusu saa. Mtani alijaribu kuchungulia, akaambiwa atulie, anaharibu. Nilipoona kilichotoka nilijizuia. Kilikuwa kitu chenye umbo la muhogo, chenye miguu miwili ya urefu tofauti, kimeketi hewani kwa sababu kiti alikisahau. Meno aliyahesabu vizuri. Mkono wa kulia aliuchora mara tano, mmoja juu ya mwingine, ili uonekane unatetemeka. Sijui alijifunzia wapi. Wachoraji wa boksi la mfadhili hufanya hivyo hivyo jitu linapokimbia. Chini yake akaandika kwa herufi kubwa kwamba huyu ni Mmakua, na kwamba amevaa.

Akampa. Mtani akalipokea daftari kwa mkono ule ule, karatasi ikawa inapigapiga. Akalisogeza mbali, akalisogeza karibu. Uso wake haukusema kitu. Alilamba kidole akafunua, akahakikisha nyuma hakuna kingine, akarudi. Kisha akamtazama baba.

"Masikio umekosea," akasema.

Baba akacheka. Alicheka kwa sauti, pale pale mbele yake, mpaka akashika jicho na mimi nikamwambia aache, atalitonesha. Hakuacha. Mtani hakucheka. Alimtazama mpaka alipomaliza, akanisogezea daftari na kalamu.

"Mwalimu," akasema, "niandikie tarehe ya leo."

Nikaiandika, pale chini ya miguu.